Basi la Wageni Wapendwa

Nchi nitakayoisimulia haifanani na yenu hata kidogo, kwa hiyo msomaji unaweza kukaa vizuri na kunyoosha miguu. Iko mbali, kwenye pwani ya Bahari ya Kati, huko kwenye mizeituni na milima mikavu, na jina lake ni Jamhuri ya Karibuni. Ina rais mmoja, bandari moja na barabara moja ya lami. Wananchi wapo pia, ila hao hawajawahi kuhesabiwa vizuri, maana kila sensa ilipoanza meli ilikuwa inaingia, na makarani walihitajika kugawa maua.

Karibuni iliwapenda abiria. Naomba nieleweke: haikuwapenda kwa ajili ya fedha zao, kama wanavyosema wenye wivu. Iliwapenda kwa moyo, kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani kuliko wake, kwa sababu wa jirani huja amekwisha ogeshwa. Meli kubwa za kitalii zilipoanza kutia nanga pale, Rais, ambaye cheo chake kamili ni Baba wa Ukarimu, alilia hadharani. Akaamuru lijengwe jumba la abiria, likajengwa. Lilikuwa na ubaridi wa kupendeza, makochi yanayokanda mgongo, na maporomoko ya maji yaliyoshuka kutoka darini hadi kwenye bwawa la samaki wa rangi. Vyoo vyake vilikusalimu ukiingia na kukushukuru ukitoka. Maji ya maporomoko hayo yalitoka kwenye bomba la Ndimuni, mtaa ulio juu ya bandari. Tangu siku ya ufunguzi watu wa Ndimuni walichota kisimani kwa zamu, na walielezwa wajivune, kwani maji yao sasa yanatazamwa na mataifa.

Huko Ndimuni alikaa Msellem, dereva wa basi. Kabla ya mapenzi haya kuanza basi lake lilikuwa la kila mtu. Lilishuka kutoka mtaani, likapita bandarini, likafuata ufukwe mpaka hospitali, likarudi. Lilibeba wajawazito, lilibeba magunia ya ndimu, lilibeba mtu na jogoo wake. Kisha Wizara ikalichukua, ikalipaka rangi nyeupe, ikalitia friji ya taulo baridi za kufutia uso, na ikaliandika ubavuni kwa herufi za dhahabu: BASI LA WAGENI WAPENDWA. Msellem akapewa suti nyeupe na glavu. Barabara ya ufukweni ikabatizwa Barabara ya Abiria, na siku za meli raia hakuruhusiwa kuikanyaga, wala kuonekana karibu nayo, ili picha zitoke safi.

Hospitali ilibaki kule kule, upande wa pili wa bandari. Aliyeumwa siku ya meli alishauriwa auzunguke mlima, au aahirishe.

Mke wa Msellem aliitwa Kidawa. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na vicheko vingi. Siku mumewe alipoileta ile suti nyumbani na kuivaa, Kidawa alimzunguka akimtazama, akashika kiuno.

"Mwenzangu, umekuwa kama jino."

"Usinicheke, ndiyo kazi."

"Sikucheki. Nauliza tu. Nikitaka kwenda sokoni, na mimi nitapanda wapi?"

Wakacheka wote wawili. Lakini kesho yake Msellem alipopita na basi lake tupu mbele ya majirani waliosimama juani na mizigo, hakucheka. Walimpungia mkono. Yeye alitazama mbele, kama kanuni ilivyotaka. Alijiambia kwamba wanamwelewa. Nao kweli walimwelewa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

*

Asubuhi moja ya siku ya meli Kidawa aliamka ameshika tumbo.

"Ni dagaa wa jana," alisema. "Wewe nenda kazini. Nimebandika maharage, nitakunywa tangawizi nijilaze."

Msellem akaenda. Mchana, akipandisha basi tupu kwenda kuwachukua abiria waliokuwa wakipiga picha ngome, alimwona mkewe kando ya barabara. Kidawa alikuwa ameegemea ukuta kwa mkono mmoja, mwingine ameukandamiza tumboni. Uso ulikuwa umemgeuka rangi ya majivu, na gauni limelowa matapishi.

Msellem akakanyaga breki, akabonyeza kitufe cha mlango. Mlango haukufunguka. Badala yake sauti laini ya kike ikatoka darini: "Tafadhali onyesha kadi yako ya abiria. Tunakupenda."

"Fungua!"

"Tafadhali onyesha kadi yako ya abiria. Tunakupenda."

Akaupiga teke. Mlango ukamshukuru kwa uvumilivu wake.

Basi Msellem akatoka kupitia dirisha lake, suti ikachanika begani, akamwinamia mkewe na kumbeba mgongoni. Akashuka naye Barabara ya Abiria kwa miguu, mahali ambapo hapakuwa na raia mwingine wala kivuli. Nyuma yao basi lilibaki linanguruma taratibu, viti vyote vitupu, taulo zote baridi.

"Msellem, watakufukuza."

"Nyamaza."

"Nitakuchafulia suti."

"Nyamaza, mke wangu. Nyamaza tufike."

*

Langoni mwa bandari zamu ilikuwa ya Afande Hadia. Huyo alikuwa jirani yao wa Ndimuni, na gauni lake la harusi lilishonwa na Kidawa. Alipowaona aliinua bunduki, kwa mazoea tu, kisha akaishusha haraka.

"Hadia, tupitishe. Hospitali hiyo pale, naiona."

"Kaka Msellem, leo siku ya meli. Nikiinua hiki chuma cha lango bila kadi, king'ora kinalia mpaka Ikulu."

"Basi tuitie daktari! Hiyo nayo imekatazwa?"

Hadia akashika redio yake, akapaza sauti: "Daktari langoni! Daktari langoni haraka!" Haukupita muda, akaja Dokta Kiwele.

Dokta Kiwele alikuwa Mkurugenzi wa Raha za Abiria. Udokta wake ulikuwa wa heshima. Alitunukiwa na kiwanda cha viti vya kuotea jua kwa kununua bila kuchoka. Alikuja kwenye kigari cha umeme, na nyuma yake amesimama mtu wa kumshikia mwavuli. Akamtazama Kidawa aliyekuwa amelala chini, kichwa mapajani mwa mumewe, akakohoa kidogo kutengeneza sauti.

"Ndugu raia, nimeguswa. Ningependa ijulikane kwamba nimeguswa. Lakini tujiulize kwa utulivu: je, maumivu haya yamekuja siku yake? Serikali haikatazi maumivu. Serikali inayapangia ratiba. Jumatano hakuna meli, na Jumatano maumivu yote yanapokelewa bila ubaguzi."

"Jumatano atakuwa amekufa, mheshimiwa!"

"Hilo nalo lina siku yake," alisema Dokta Kiwele kwa upole.

Kidawa akafumbua macho. Homa ilikuwa imempanda, macho yanazunguka bila kutua popote. "Niko wapi hapa?" aliuliza. "Joto... mbona joto namna hii?"

Hadia akainua kichwa. Walinzi wa lango hukaririshwa Sheria ya Abiria kila asubuhi kabla ya chai, na yeye alikuwa hajawahi kuiona faida yake mpaka dakika ile.

"Mheshimiwa," alisema polepole, "kifungu cha kwanza."

"Kifungu cha kwanza kinasemaje?"

"'Abiria ni mtu yeyote asiyejua alipo, anayelalamika joto, na aliyevaa kofia.'"

Dokta Kiwele akashuka kwenye kigari. Alikuwa mtu wa sheria. Alimzunguka Kidawa, akamkagua kama mtu anayekagua kiti. "Hajui alipo," alikiri. "Joto analilalamikia. Lakini hana kofia."

Pembeni ya lango palikuwa na meza ya kofia za ukili zenye utepe wa buluu, zawadi kwa wageni. Msellem akanyoosha mkono, akachukua moja. Akamvika mkewe, kofia ikamshukia machoni, akairudisha nyuma taratibu na kumwondolea nywele usoni.

Papo hapo uso wa Dokta Kiwele ukawaka.

"Mama mpendwa!" alipiga kelele. "Karibu sana Karibuni! Nani huyu aliyemlaza mgeni wetu chini? Machela! Taulo! Maua!" Watu wakaja mbio kutoka kila upande, hata wale ambao siku zote Msellem alidhani ni sanamu. "Na safari yako ni ya wapi, mama?"

"Hospitali," alijibu Msellem.

"Hatuna safari ya hospitali. Tuseme mapumziko."

*

Katika zahanati ya abiria Msellem aliona vitanda vyeupe vimepangwa mpaka mwisho wa macho, na hakuna hata kimoja kilicholaliwa. Daktari wa meli, mama mgeni mwenye nywele fupi za mvi, akaja mbio. Alilibonyeza tumbo la Kidawa mara moja tu, akaanza kuvua saa yake. Kidole tumbo kimepasuka, alisema. Lazima apasuliwe sasa hivi, na hapa hamna kitu ila mafuta ya kuungua jua na vidonge vya kichefuchefu.

"Hospitali hiyo pale ng'ambo," alisema Msellem. "Sasa si anaruhusiwa kupita?"

Dokta Kiwele alishtuka kweli kweli. "Abiria? Kwenye hospitali ya raia? Ile haina hata pamba! Unataka taifa liaibike?"

Kwa hiyo Kidawa akapelekwa melini, ambako kulikuwa na chumba cha upasuaji. Msellem alikimbia pembeni ya machela, ameshika kidole kimoja cha mkewe, maana mkono wote ulikuwa umeshikwa na mwenye maua. Kwenye ngazi ya meli akazuiwa. Ndipo akachomoa kofia nyingine ya ile meza ya zawadi, aliyoificha ndani ya koti, akaivaa.

"Sijui nilipo!" alisema. "Na joto limenizidi! Nipitisheni!"

"Msellem," alisema Dokta Kiwele kwa huzuni ya kiofisi, "wewe ni dereva. Katika nchi nzima dereva ndiye mtu pekee anayejua alipo." Akamvua kofia ile kwa mkono wake mwenyewe.

Kidawa aligeuza kichwa kwenye machela. "Maharage," alisema. "Nimeyaacha motoni."

"Nitayaepua."

"Usisahau."

Meli iliondoka jioni ile ile, kwa sababu Karibuni ilijivunia jambo moja kuliko yote: haijawahi kumwacha abiria nyuma. Msellem alipanda Ndimuni peke yake. Maharage yalikuwa yameungua mpaka yameshika sufuria. Aliyakwangua, akayala yote.

*

Hakufukuzwa kazi. Kamati iliyokaa kumjadili iligundua kwamba aliyembeba alithibitika kuwa abiria, na kubeba abiria ndiyo kazi yake. Alikatazwa tu kutumia mgongo.

Meli ikaizunguka bahari yake yote, kisha ikarudi. Msellem alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, glavu zimefuliwa, na abiria wakaanza kupanda. Kofia baada ya kofia. Kisha mlango ukasema: "Karibu, Bibi Kidawa. Tunakupenda." Akapanda mkewe.

Alikuwa amekonda, lakini alikuwa hai. Akakaa kiti cha mbele kabisa. Msellem akashika usukani kwa nguvu, maana kanuni ilikataza dereva kusema na abiria. Aliruhusiwa kutumia kipaza sauti tu, na kueleza vivutio tu. Abiria naye aliruhusiwa kuuliza kuhusu vivutio.

Basi likapanda Ndimuni. Msellem akawasha kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, upande wa kushoto mtaona nyumba yenye mlango wa buluu."

"Dereva," aliuliza Kidawa, "nani anakaa humo?"

"Mwanamume mmoja, bibi. Mke wake amesafiri."

"Anakula?"

"Mara nyingine."

"Na mlango mbona umeachwa wazi?"

"Haufungi, bibi. Anasema akifunga itakuwa kama amekubali."

Abiria wengine hawakuijua lugha, wakapiga picha mlango. Kidawa alitazama dirishani mpaka nyumba ikapotea, halafu akasema chini chini, kama anayeuliza jina la mti: "Kidonda kimepona. Nalala kitanda kizuri. Kila siku wananiuliza kama nimeridhika. Nikisema hapana, wananiletea mto mwingine."

Msellem alizima kipaza sauti, kwani pua ilikuwa inavuja na isingependeza kusikika.

Alasiri alikwenda kwa Dokta Kiwele, akasimama mbele ya meza yake. "Mheshimiwa, mke wangu amepona. Naomba nirudishiwe."

"Hatujamchukua. Ni abiria, na abiria haachi kuwa abiria mpaka amalize safari. Safari yake ilikuwa ya nini vile?"

"Mlisema mapumziko."

"Na je, amepumzika?"

Msellem alikuwa mtu mkweli. "Hajapumzika hata siku moja, mheshimiwa."

"Basi safari inaendelea," alisema Dokta Kiwele, akampa taulo baridi.

Na kampuni ya meli? Kampuni iliona ni nafuu kumlisha kuliko kueleza. Hivyo Kidawa akawa anakuja na meli na kuondoka nayo. Asubuhi anashuka, jioni anapanda, na katikati anapelekwa na mumewe kutazama mtaa wake. Siku moja Wizara ilipanga wageni waingie ndani ya nyumba yenye mlango wa buluu, kuona maisha halisi ya raia. Kidawa akaingia na kundi. Mtembezaji aliionyesha cherehani, akaeleza kwamba ni chombo cha kale ambacho matumizi yake yamesahaulika. Kidawa akapitisha kidole juu yake, akaondoa vumbi. Akaambiwa tafadhali asiguse.

*

Mwisho alichoka. Basi liliposimama juu ya Ndimuni ili watu watazame bahari, Kidawa alishuka na wenzake, akapita nyuma ya ukuta wa mawe, akateremka kichochoro alichokijua, na hakurudi.

Msellem aliona kiti kitupu kwenye kioo. Aliondoa basi hivyo hivyo. Kabla hajafika bandarini king'ora kilikuwa kinalia. Alipoachiwa baada ya kuhojiwa na kupanda nyumbani, jua likizama, alimkuta mkewe anafagia.

"Kidawa, umefanya nini?"

"Nimefika," alijibu. "Si walisema safari mpaka iishe? Nimefika. Mimi mwenyewe ndiye ninayejua nilikuwa naenda wapi."

Wakala mkate na zeituni, wamekaa sakafuni, magoti yamegusana. Maji yalikuwa nusu ndoo, wakanywa kwa kikombe kimoja. Wakawasha redio ili majirani wasisikie sauti ya mtu wa pili.

Redioni alikuwa Baba wa Ukarimu mwenyewe, na alikuwa analia.

"Ndugu wananchi, leo taifa limepungukiwa. Mama mmoja, mgeni wetu, hajulikani alipo. Je, amekula? Je, ana maji? Je, kuna aliyemshika mkono na kumwambia asiogope? Mimi sitaweka kitu mdomoni mpaka apatikane. Na yeyote aliyemficha atafungwa maisha, kwa upendo."

Kidawa akaacha kutafuna. "Msellem," alisema, "siku ile nilipokuwa pale ukutani, mtu huyu alikuwa wapi?"

Nje mtaa wote ulikuwa umetoka. Kina mama wa Ndimuni walipita na taa za mkononi, wanaita kwa sauti za majonzi: "Mgeni! Mgeni wetu!" Walikuwa wanalia kweli, wanaulizana maskini kama ana cha kujifunika. Gari la wagonjwa la hospitali, moja tu lililokuwepo, lilipita linamulika vichaka. Helikopta ilimwaga mikate kutoka angani, endapo atakuwa na njaa.

Alfajiri mlango ukagongwa. Alikuwa Afande Hadia, na nyuma yake askari wengi na mbwa. Hadia alimwona Kidawa, akafumba macho.

"Dada," alinong'ona, "kwa nini hukwenda mbali?"

"Niende wapi zaidi ya kwangu?"

Msellem alisimama mbele ya mkewe. "Ni mimi niliyemficha. Nichukueni mimi." Askari wawili wakamshika, pingu zikalia.

Hapo Kidawa akapita pembeni yake, akatoka nje kwenye mwanga. Akazungumza kwa sauti kubwa, ya mtu asiye na mazoea ya mahali.

"Mwacheni huyo bwana. Simjui. Nilipotea, nikabisha hodi, akanipa maji."

"Kidawa," alisema Msellem.

"Simjui," alirudia, bila kugeuka. "Lakini ni mtu mwema."

*

Kwa hiyo Msellem akapewa nishani. Ilibidi, maana raia aliyempa mgeni maji katika mtaa usio na maji alikuwa ameonyesha moyo wa kitaifa. Sherehe ilifanyika gatini, mbele ya meli. Kulikuwa na bendi ya jeshi, na zulia lililofika mpaka ngazini. Kidawa alikaa kwenye kiti cha mgongo mrefu, katikati ya maua, na Dokta Kiwele akasimama kwenye jukwaa kwa muda ambao ungetosha kujenga jukwaa jingine.

"Historia itauliza," alisema, "nchi hii ilimfanyia nini mwanamke mmoja alipokuwa katika shida? Nasi tutajibu bila haya! Tulisimamisha kila kitu! Shule tulifunga! Mahakama tulifunga! Hakuna mgonjwa aliyehudumiwa wala mfu aliyezikwa mpaka mama huyu alipopatikana! Niambieni, ni nchi gani nyingine?"

Watu wa Ndimuni, waliopangwa nyuma ya kamba, walipiga makofi. Wengine walikuwa wamemtambua Kidawa tangu mwanzo. Walipiga makofi hivyo hivyo, wakitazama chini.

Kisha Dokta Kiwele akashusha sauti. Kwa masikitiko, alisema, kampuni ya meli imeona kwamba nchi ambayo abiria anaweza kupotea ndani yake haifai kwa wasafiri wake. Kuanzia leo meli itapita mbali. Jumba la abiria litaendelea kuwaka taa, vitanda vya zahanati vitaendelea kubadilishwa shuka kila asubuhi, na Barabara ya Abiria itaendelea kufungwa, ili siku wapendwa watakaporudi wasikute tumewasahau.

Msellem alisikia maneno hayo na kwa muda hayakuingia. Yalipoingia, tayari alikuwa ameitwa mbele. Kwenye ratiba paliandikwa kwamba raia mkarimu na abiria mpendwa watashikana mikono.

Wakashikana. Kamera zikaanza kulia. Mkono wa Kidawa ulikuwa na ule ugumu mdogo kwenye ncha ya kidole, mahali sindano hugonga, na Msellem akausugua kwa dole gumba mara moja.

"Asante, bwana," alisema Kidawa. Midomo yake ilikuwa inatabasamu kwa ajili ya kamera, na machozi yalikuwa yanateremka tu yenyewe. "Maji yako yalikuwa matamu."

Msellem alitaka kumwita jina. Askari walikuwa wamesimama kila upande, na pingu zile zile zilikuwa mkandani mwa mmoja wao. Akaona macho ya mkewe yanamkataza.

"Karibu tena, bibi," alisema.

"Sawasawa!" alishangilia Dokta Kiwele. "Sawasawa kabisa! Hivyo ndivyo raia anavyosema!"

Kidawa akapandishwa ngazi. Bendi ikapiga. Meli ilipoachana na gati abiria wote walitoka kwenye baraza zake, ghorofa juu ya ghorofa, wakafanya kama wanavyofundishwa kufanya kila bandari: wakapunga mikono. Ilikuwa mikono mamia, juu mpaka chini, yote inakwenda kwa namna moja, na chini ya kila mmoja kofia ile ile ya utepe wa buluu.

Msellem alisogea mpaka ukingoni, nishani kifuani. Alitafuta sana. Hakuweza kujua upi ni wa Kidawa. Basi akaanza na mkono wa kwanza, wa pembeni kabisa kushoto, akaupungia. Akaenda wa pili, akaupungia. Akaendelea hivyo, mmoja mmoja, bila kuruka hata mmoja, asije akaupita wake.